Debe Lililojaa

Saa nane za usiku, ghorofa ya saba, mjini Łódź,
chujio linasaga meno chini ya tangi la samaki.
Krr. Krr. Kimya kifupi. Krr.
Kama mtu anayetafuna changarawe
akakumbuka katikati kwamba hana njaa.

Debe tupu haliachi kutika, wanasema.
Hili limejaa, lita sita, sifongo na vigae,
na linatika.

Nikapiga goti. Goti nalo likatoa mlio wake,
tukawa wawili.

Sikio la kushoto niliwaachia kiwandani,
ukumbi wa pili, vitanda vya mfumi mia na arobaini
vikigonga pamoja tangu alfajiri.
Hakuna aliyenilipa sikio lile.
La kulia lilibaki na elimu:
ndani ya ngurumo ile lilitambua
kitanda kipi kimelegea skrubu.
"Wa kumi na saba anakohoa," nilimwambia fundi Przybysz.
Alikwenda akicheka. Alirudi hacheki.

Basi nikachukua mwiko wa mbao,
mpini kwenye mfuniko, bapa lake sikioni,
nikasikiliza.

Kwanza nilishuku hewa.
Hewa ni mgeni wa sikukuu:
kuingia haombi, kutoka hataki.
Nikalilaza chujio ubavu, nikalipigapiga mgongo
kama mtoto aliyekwisha nyonya.
Likacheua. Viputo vikapanda ndani ya mpira,
samaki wakavitazama vikipita.
Krr.

Nikashuku sakafu.
Nikakunja soksi isiyo na mwenzake, nikalikalisha juu yake.
Krr, ila sasa kwa adabu.

Chini, bwana Gniewomir akagonga bomba la joto kwa kijiko,
mara tatu.
Nikamjibu mara mbili: najua.

Nikachomoa plagi, nikafunga vali, nikafyatua vibanio vinne,
nikalibeba hadi bafuni, harufu ya kinamasi ikitangulia.
Nikaitoa rafadha, kijidude cha kidole gumba
chenye sumaku tumboni.
Kijiti chake cha kauri nikakiinua kwenye taa: hakina ufa.
Ute wa kahawia nikausugua kwa mswaki
alioacha Ludwika siku alipohamia Gdynia,
pamoja na tangi, samaki kumi na wawili,
na ahadi ya kuja kuvichukua.
Mwaka wa nne huu.

Na pale, ndani kabisa ya tundu la rafadha,
konokono.
Punje ya pilipili ni kubwa kuliko yeye.
Gamba limekwanguka upande mmoja.
Labda aliingia akiwa yai, akakulia humo,
gizani, katika tufani isiyopumzika.
Kikulacho ki nguoni mwako:
nimefuma nguo miaka thelathini na mmoja,
sikujua methali ile ina gamba.

Nikamweka kiganjani. Akangoja. Nikangoja.
Akatoa pembe moja, kisha ya pili,
hakuamini.
Nilimjua. Ndivyo tulivyotoka getini zamu ikiisha,
wanawake mia nne, tumesimama mtaani
tukishangaa kwamba majani ya miti hayapigi kelele.

Nikamtia tangini.
Nikapaka mafuta kwenye duara la mpira, nikafunga, nikajaza,
nikawasha.

Maji yakaenda. Hayakusema neno.

Saa tisa kasorobo, kengele ya mlango:
Gniewomir, malapa, koti juu ya pajama.
"Kimya," akasema. "Samaki wamekufa?"

Nikampeleka kwenye kioo.
Konokono alikuwa anapanda polepole
akifuta njia nyembamba kwenye ukungu wa kijani.
"Ndiye aliyekuwa anakuamsha."
Akatafuta miwani mfukoni, akainama.
"Huyu?"
"Huyu."
"Mdogo hivi?"

Nikabandika birika.
Miaka kumi na mmoja anaishi chini yangu,
kumbe anatia sukari vijiko vinne.