Treni Nzima

Hatukuchonga Q, wala X.
Kaka yangu Mihayo alisema mninga ni ghali
kuupoteza kwa herufi ambazo hazijawahi kulala kwetu.
A alichonga ishirini, akaona hazitoshi, akaongeza nne.
NG' akaiweka kwenye kigae kimoja, na ritifaa yake,
pointi kumi, maana sisi ni watu wa Ng'ambo,
na kata ya mtu haikatwi vipande viwili.
Kwenye G tindo ilimponyoka, mkia ukapinda.
Nikamwambia aitupe.
"Inasomeka," akasema, akaipuliza vumbi.

Lugha ya mchezo alitupa Bi. Kalunde,
aliyepima mizigo stesheni ya Tabora miaka thelathini na moja.
Kibao cha kusimamishia vigae aliita reli.
Vigae, mabehewa.
Kisicho na herufi: behewa tupu, pakia utakacho.
Na kuongeza herufi mbele ya neno la mwenzako
ni kuunga kichwa,
kwa kuwa Kiswahili, alisema, huvutwa kutoka mbele:
KAA, lililokuwa limetulia zake,
likiungwa M linakuwa gunia la MKAA
na bei inapanda.
Mabehewa yote saba yakiondoka kwa mkupuo
hiyo ni treni nzima.
Hamsini juu ya hesabu,
naye alipiga mluzi wa vidole viwili
mpaka mtaa wa pili wakajua nimeliwa tena.

Huruma hakuwa nayo.
Ukiweka neno la kubuni aliingia ndani
kuleta kamusi isiyo na jalada,
akirudi polepole, akiifurahia njia.
"Mizani haimjui mjomba," alikuwa akisema,
huku anaandika sifuri yako kwa kalamu nyekundu.

Jumapili ile ilikuwa siku ya kumi na mbili
tangu tumzike Mihayo.
Pole alishanipa makaburini, hakuirudia.
Aliweka chai ya asali ya Sikonge,
akatikisa mfuko. "Chota."
Tukacheza. Harufu ya mninga vidoleni.

Mfuko ulipokwisha niliweka UA,
nikiacha mraba mmoja tu kufika ukingo wa kushoto.
Ua la waridi, ua la makuti, au amri ya kuchinja?
Ubao hauulizi. Pointi ni zilezile.

Aliitazama reli yake muda mrefu.
Akapanga, akapangua.
Mkono uliinuka, ukarudi kwenye kikombe,
na kikombe kilikuwa kitupu.
Kisha akaunga kichwa: M mbele ya UA langu, MUA,
na kutoka M hiyo akashuka na ukingo,
MAANA.
Neno halali. Likasimama
miraba miwili kabla ya kona nyekundu,
ile inayozidisha mara tatu.

Nikamalizia kwa NI. Nikamshinda,
mara ya kwanza tangu tuanze.
"Irabu zimeninyima leo," alisema,
akanisogezea mabehewa yaliyombakia,
kwa kuwa sheria yetu humlipa mshindi:
T,
na G yenye mkia uliopinda.

Nilifika reli ya kweli giza limeingia,
mikono mfukoni, nikijisifu moyoni,
nikarudia hesabu kama mshindi anavyorudia.
Irabu zilimnyima?
MAANA ina A tatu.

Nikasimama hapo kwenye kokoto.
M, A.
T yake ikaingia.
A, N.
G ya Mihayo ikaingia.
A.

MATANGA.
Saba zote, mpaka kona nyekundu,
mara tatu, na hamsini juu.
Nisingemfikia hata kwa michezo miwili.

Aliiona. Karani yule aliiona
tangu nilipoondoa kidole kwenye UA,
ikiwa imepangika, imejaa, imepewa njia,

akaizuia stesheni.