Weka Simu Karibu na Ngoma

Imegoma tena, tumbo limejaa maji,
na shuka zimo humo siku ya pili,
zimeanza kunuka kinamasi.
Nimeipiga teke. Nimeibembeleza.
Nimebonyeza vitufe vyote, hata kile cha sufi
ambacho hapa Kutaisi sijaona mtu akikigusa.

Ndipo nikakupigia, Lamara, saa tano za usiku.
Huko Bari kwako ni saa mbili tu,
Bibi Ottavia kashalala
nawe unanong'ona katika jiko la watu.
Hukuniuliza hali.
"Weka simu karibu na ngoma," ukasema,
"kisha washa."

Ikanguruma, ikakoroma, ikanyamaza.
"Tena."
Nikawasha tena.
"Hiyo si mota. Mota ikifa haisemi.
Umesikia ule mvumo, kama nyuki kwenye chupa?
Ni pampu. Inataka kuzunguka,
kuna kitu kimeikaba koo.
Chomoa plagi. Chomoa, Jumber, sijasema zima."

Miaka kumi na tisa nilifunga injini za malori
hadi kiwanda chenyewe kikafungwa,
na sikujua kwamba mashine hii
ina kamlango chini, karibu na mguu wa kulia,
kadogo kama dirisha la mkata tiketi.

"Tandika taulo. Si ile nyeupe.
Tega sinia. Fungua kidogo kidogo,
maji yana haraka kuliko wewe."

Nilifungua kwa pupa.
Soksi zikalowa, zulia likalowa,
na huko chini Tsiala akagonga dari yake
kwa mpini wa ufagio, mara tatu, kama hakimu.
Ukacheka. Ukaziba mdomo;
nilikisikia kiganja.

Chujio likatoka limeota ndevu za nyuzi na nywele.
Nikakutajia kimoja kimoja, kama karani wa forodha:
sarafu ya tetri ishirini,
kifungo cha koti la shule la Natia
(shule kamaliza mwaka juzi),
njiti ya meno,
waya wa sidiria.

Kimya.

"Wa nani?"

Miaka minne tangu uondoke.
Niliuinua kwenye taa, nikaugeuza.
"Wako. Ulikuwa humu kabla hujapanda basi."
"Una kutu?"
"Mpaka nchani."
"Kutu nyingi?"
"Nyingi, Lamara. Inabaki vidoleni."
"Haya. Ingiza kidole, zungusha pangaboi la pampu."

Likazunguka.

Maji yakaondoka kwa mlio wa mzee anayekunywa supu.
Lakini ilipoanza kukamua, ikatembea,
ikatoka ukutani, ikafuata mlango
kama na yenyewe imepata viza.
"Izime! Weka chai juu yake. Chai imeinamia wapi?"
"Dirishani."
"Basi mguu wa dirishani ni mfupi.
Una skrubu, uzungushe. Usikunje kadibodi."

Nilikuwa nimeshaikunja.
Nikaiweka mfukoni bila kusema.

Kuna kitu kimoja simu haikukuletea.
"Inanuka," nikasema.
"Kama nini?"
"Kama treni inapofunga breki."
"Kaboni za mota zimekwisha. Leo itamaliza.
Kesho nenda kwa Vazha, kibanda cha nyuma ya soko,
umpelekee zile kuukuu apime.
Wala usinunue moja ukadhani umeokoa hela.
Zinabadilishwa mbili mbili.
Mpya na kuukuu hazilingani,
moja itakula mota."
"Nimesikia."
"Umesikia au umeandika?"
Niliandika, kwenye paketi ya sabuni.

Kisha Bibi Ottavia akakohoa huko kwenu,
nikasikia hatua zako, nikasikia Kitaliano,
sauti yako imevaa viatu vya mtu mwingine.
Hukuniaga. Hukukata.

Mashine ikaendelea kukamua.
Nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, soksi mkononi,
na simu yako pale juu ya kifuniko
ikitetemeka, ikisogea,
inchi kwa inchi kuelekea ukingoni.
Nikaidaka.