Mto Juu ya Mto

Villa namba arobaini na moja haikuwamo kwenye mchoro wangu.
Pale niliacha kalvati, mita sita, mdomo wazi,
kwa ajili ya mgeni anayekuja mara moja kwa miaka saba
na hapigi hodi.

Mundhir aliutandaza mchoro mezani,
akatua kikombe cha kahawa juu ya rangi ya bluu.
"Bi Sulaima, hewa haiuziki.
Mita sita za hewa ni villa nzima."
Akanisogezea rula.
Nikazifanya mbili, kwa mkono wangu.
Sikulazimishwa. Naliandika hili nisije nikalisahau.

Kwa Kiswahili cha mama yangu wadi ni chumba cha wagonjwa,
vitanda na harufu ya dawa ya sakafu.
Hapa Mabela wadi ni mto uliolala,
na wateja wakiuliza, "Hii ni barabara?"
tunawajibu, "Ni mandhari."
Tukawauzia mto wa kulalia
juu ya mto wa maji,
na lugha yangu, maskini, haikuwa na neno la pili
la kunionya.

Juni, digrii arobaini na nane.
Saa sita u nusu filimbi inalia, sheria inataka watu wapumzike.
Shafiqul na wenzake wanajinyoosha chini ya lori la zege,
kivuli pekee
katika mradi ambao brosha yake ina miti mia mbili na kumi.
Miti ilikuwa ya awamu ya pili.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakujua mkondo unaweza kukatwa vipande, ukaandikiwa hati,
ukalipwa kidogo kidogo kwa miezi thelathini na sita.
Alfajiri ile maji yalifika kwenye mita zangu mbili
yakajaribu kupita kwa adabu.
Yalikuja na matawi ya mgunga, matairi,
jokofu la mtu wa juu huko.
Pakaziba.
Yakageuka, yakaingia arobaini na moja
kwa mlango wa jikoni.

Ghaniya, mwalimu wa fizikia, mwenye nyumba,
alinitumia picha moja:
sufuria ya harisi inaelea, mfuniko bado umefungwa.
Hakuandika neno.
Aliona tu kwamba nimeona.

Na Mundhir usiku ule alikuja na mablanketi,
kanzu imelowa mpaka kiunoni,
kambeba mgongoni mama mkwe wa mtu asiyemjua.
Ningependa awe mtu mbaya.
Ningelala.

Sasa tuna ukuta wa mawe, mita tatu kwenda juu,
tuna mfereji, tuna mitambo ya kupima maji,
tuna mighafu ya kweli, kila mmoja na bomba lake.
Brosha mpya inasema: Makazi Yaliyojiandaa kwa Tabianchi.
Bei imepanda asilimia kumi na mbili.
Zimebaki nne.

Nami nimepiga hesabu, usiku, nyumbani, bila kuombwa.
Maji yanayofukuzwa na ukuta wetu hayarudi mawinguni.
Yanavuka ng'ambo, kwenye gereji,
kwenye kambi ya mabati
ambapo Shafiqul hutundika shati lake la Ijumaa.
Hesabu hiyo haimo kwenye ripoti.
Fomu iliuliza habari za kiwanja chetu,
nasi tulijibu tulichoulizwa.

Kesho kuna kikao cha awamu ya tatu.
Nimechora tena mita sita,
safari hii ng'ambo, kwenye ardhi isiyo yetu, kwa fedha yetu:
rial elfu tisini na kitu.
Najua atauliza nani atainunua hewa hiyo.
Sijapata jibu.
Nimechora kwa wino.
Kahawa yake
nitampa mkononi.