Kikohozi cha Mwanakheri

Ubeti wa tatu ulipokwisha, kabla ya kibwagizo,
Mwanakheri alikohoa.
Mara moja, kavu, kama mtu abishaye hodi
nyumba anayoijua haina mtu.

Kaseti ilirekodiwa Guraya, chumbani kwetu,
madirisha yamezibwa kwa magodoro,
feni imezimwa isije ikaimba nayo.
Babangu akasema, Tuanze upya.
Akajibu, ajifuta jasho kwa pindo la leso:
Kiwache, Shekue. Na wajue nalikuwa na kifua.

Hakumaliza mwaka.

Tukaziuza Mwembe Tayari mpaka lebo zikaisha,
tukawa twaandika jina lake kwa kalamu ya wino.
Utepe ukikatika, selotepu.
Ukilegea, penseli.
Waliokuwa Jeddah na Maskati, wasiwahi maziko,
walitumiwa yeye ndani ya bahasha
pamoja na achari ya ndimu.

Juzi, harusi ya kina Matano, Kibokoni.
Kijana wa mitambo kaja na wimbo kwenye simu.
Umesafishwa, asema, hata mchanga hauna.
Kweli: fidla yang'ara kama sahani ya mgeni,
sauti imeoshwa, ikapigwa pasi.
Tukasimama na noti zetu juu, kwa mazoea,
zikakosa wa kutuzwa, zikarudi mikobani.

Ubeti wa tatu ukaisha.
Pale pake pakawa peupe.

Ndipo Bi Tumu wa Sarigoi,
miaka themanini, meno mawili,
akakohoa.
Na shangazi yake bibi harusi. Na wale wa jikoni,
miiko mkononi. Na mimi.
Ukumbi mzima wa wanawake, kikohozi kimoja, kikavu,
kisha kibwagizo, haya twende.

Kijana akauliza nyuma ya pazia
kama moshi wa udi umezidi.

Hakuna aliyemjibu.
Lakini mwanangu Raya, wa miaka sita,
aliyezaliwa Mwanakheri keshakuwa mwandiko juu ya kaseti,
alikohoa kabla yangu. Nilimsikia.
Sikumfunza mimi.
Usiku, namvua viatu, nikamuuliza:
Nani alokwambia?
Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wao.
Si ndivyo wimbo ulivyo?

Nikamgusa kipaji cha uso, hata hivyo.
Hakuwa na homa.