Kaunta Buku

Kaunta buku hii, kwaya tatu,
niliinunua Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mwaka ule maji ya korona yalipoingia kijitoni
na watoto wa Kwa Mhina wakawa wanajikuna hadi damu.

Ukurasa wa kwanza, kalamu nyekundu:
SISI TULIOTIA SAHIHI HAPA.
Halafu majina. Mia nne na kumi na mawili.
Wasiojua kuandika walichovya gumba
kwenye wino wa mhuri wa shule.

Siku zile nilikuwa Kipaza.
Ndilo jina walilonipa Makorora, nami nililipenda
kuliko Mwanakheri, alilonichagulia bibi.
Sauti yangu ilitangulia, mimi nikaifuata.

Tulishinda. Acha niandike, maana wapo wanaobisha:
bomba liligeuzwa, shimo likachimbwa,
meneja akapigwa picha na glasi ya maji mkononi
(hakuyanywa).
Kesho yake nikapita kijitoni. Kokoto zilionekana.
Bi Shelukindo, gumba namba tisini na saba, alikuwa anafua.
Hakunipongeza.
"Maji yapo, Kipaza. Tutayabandika tupike nini?"

Swali lile nililala nalo.
Lilikuwa na mkono; usiku lilinigusa bega.

Ndipo nikaigeuza kaunta buku, juu chini,
nikaanza upande wa nyuma kwa kalamu ya buluu:
Nyuzi fupi, zile korona inazitupa, kilo sitini.
Sindano za magunia, kumi.
Chumba Mabawa, miezi mitatu (anadai sita).
Mkopo wa kaka: usiandikwe.
Umeandikwa.

Bango letu la merikani, mita saba, tulilikata aproni.
Bi Shelukindo akapata HA, Kiondo akapata KI,
na ukisimama mlangoni wakiwa wameinama kusuka mazulia
neno linasomeka.
Wakibadilishana viti linakuwa Kiha, tunacheka
mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta.

Mhando hakucheka.
Mhando, tuliyelala naye kituo kimoja cha polisi,
yeye chumba cha wanaume, mimi cha wanawake,
tukiitana usiku kucha kupitia tundu la hewa.
"Siku hizi unasema 'mteja wangu'," akaniambia,
kama mtu anayekuonyesha doa kwenye kanzu.
Nilifungua mdomo nimjibu. Simu ikalia.
"Naam," nikasema, "mteja wangu."

Machi, hoteli iliyochukua mazulia arobaini haikulipa.
Nikawaambia wenzangu: subirini kidogo.
Nilipolisema nililitambua,
lilikuwa neno la meneja, hata mkwaruzo wake wa koo.

Jumatatu nikawakuta wamekaa kizingitini,
kumi na mmoja, miguu wameinyoosha, kimya.
Msitukane, msipige kelele, msiondoke:
nani aliwafundisha?
HA. KI. Na Mwanshamba mwenye kipande cha herufi
ambacho hakuna aliyewahi kukisoma.
Nimekaa vizingiti vingi mimi.
Upande huu, wenye funguo mkononi, sikuujua.

Bi Shelukindo akaomba kaunta buku.
Nikampa, nikidhani ataangalia hesabu.
Akaifungua mbele.
Chini ya jina la mia nne na kumi na mbili
akaomba kalamu nyekundu, akaandika, polepole, ulimi nje,
She-lu-ki-ndo,
S imegeukia ukutani.
Alijifunza kwenye lebo zetu. Gumba lake lilibaki safi.

Pikipiki nikaiuza Ijumaa. Wakalipwa Jumamosi.
Hoteli imelipa nusu.

Nyekundu inatoka mbele, buluu inatoka nyuma.
Jana, baada ya kufunga hesabu,
nilihesabu kurasa nyeupe zilizobaki kati yake:
tisa,
na moja imelowa chai.