Daftari la Vipimo

Mwaka ule alikuja kwa miguu kutoka Chumbageni,
Sechambo, karani wa mkonge, vumbi hadi magotini.
Kiuno: thelathini. Kaunda suti ya kijivu,
nusu taslimu, nusu akishinda.
"Mifuko, fundi, iwe mikubwa.
Barua za watu nitazitia wapi?"
Na yangu nikampa, ya bomba la Barabara ya Saba.

Muhula wa pili: thelathini na sita.
Simu ililia nikimpima kifua, akacheka,
nikaandika kipimo cha kicheko.

Wa tatu hakuja. Alikuja dereva
na kikaratasi: arobaini na mbili.
Nikamuuliza, "Hii si ya meza?"
"Mheshimiwa yuko Dodoma," akasema,
"anataka ya bluu, kesho."

Kisha zile kura.
Ngamiani nzima tulikesha na redio.
Alianguka kwa kura mia na kumi na tisa,
na moja sitaisema ilikuwa ya nani.

Jana kaja kwa miguu tena.
Sukari imemla: thelathini na moja.
Mkononi ile ya kijivu. "Iachie inchi moja,
naenda kumposea mwanangu."
Deni hakulitaja. Nami nikameza.

Nilipofumua kiunoni, mfuko wa nyuma ukatema barua,
mwandiko wangu mwenyewe,
imekunjwa, imekunjuliwa, imekunjwa,
hata imekatika mikunjoni.

Uani mke wangu anatua ndoo ya tatu.

Nikairudisha ilikokuwa.
Nikakanyaga cherehani.