Sentimita Tisini na Moja

Pesa ilikuwa yangu, kiinua mgongo. Hamu ilikuwa yake.
Bugumba alipima kwa futi kamba ya fundi cherehani,
ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo,
akapima jiko, ukuta hadi dirisha, akasema: inaingia.
Hakupima mlango.

Hivyo ndivyo friji ya milango miwili
ilivyolala nje usiku mzima, Mabatini, juu ya mawe,
imevikwa turubai kama maiti ya tajiri,
majirani wakipita kutupa pole, wakicheka chini chini.
Vijana wanne waliipandisha toka barabarani,
jiwe kwa jiwe, wakiiita mama mkwe:
usimlaze, usimtikise, usimguse pasipostahili.

Asubuhi tuling'oa fremu.
Bado kabati likaibana ubavuni,
na mimi, niliyefunga minofu ya sangara miaka kumi na tisa
kwenye chumba cha baridi pale Igogo,
hata leo vidole vyangu viwili havijui chai ya moto,
nikamwambia: baridi ni joto lililofukuzwa, Bugumba.
Likifukuzwa lazima lipate pa kwenda.
Acha vidole vinne kila upande. Nyuma acha kiganja.
Akalibomoa kabati alilolipigilia mwenyewe.
Siku mbili hakusema kitu.

Sakafu yetu inafuata mwamba, haijui usawa.
Niliweka bakuli la maji juu ya friji
nikazungusha miguu yake ya mbele kwa spana,
kidogo, kidogo tena,
mpaka milango ikajifunza kujifunga yenyewe.

Kushoto barafu, kulia mboga na maziwa.
Watu hudhani ni friji mbili. Moyo ni mmoja,
uko chini nyuma, mweusi kama kibuyu cha moshi.
Baridi yote huzaliwa kushoto;
kulia hugawiwa kupitia kijidirisha
kisichozidi sanduku la kiberiti.
Sisemi kitu kuhusu ndoa. Nasema kuhusu friji.

Mwezi wa nne maziwa yakakatika.
Bugumba akasema gesi imeisha.
Jirani akasema umeme mdogo.
Akaitwa fundi Malimi, wa Mlango Mmoja
(walicheka tena: wa Mlango Mmoja ataiweza ya miwili?),
akaigusa ubavu kwa mgongo wa mkono,
akatazama dari, akasema: kompresa imekufa. Laki tatu na nusu.

Mimi nikasikiliza.
Kilichokufa hakihemi.
Hii ilihema, ilihema bila kituo,
kama mtu anayepanda Bugando na gunia la mkaa.
Nikachomoa waya. Nikafungua wavu wa chini.

Wadudu wa ziwani.
Wale wanaosimama juu ya maji kama moshi wa mbali
kisha jioni wanafuata taa mpaka kwenye mboga.
Walikuwa wamefia humo msimu mzima,
laini, kijivu, kama sufi ya mto wa kulalia.
Nilitoa sufuria nzima.
Kuku wa mama Nyanzobe walikula bila kuuliza.

Kisha nikafungua kushoto:
Bugumba alikuwa amepanga sato wake mpaka juu,
mfuko mmoja umelalia kijidirisha,
umekiziba kabisa.
Akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Noti ya elfu kumi nikaibana mlangoni, nikaivuta;
ikatoka bila ubishi.
Raba nikaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni,
mikunjo yote, kama masikio ya mtoto,
nikaipaka mafuta ya mgando, nikajaribu tena.
Noti ikakataa.
Malimi akaomba nauli. Nilimpa sato wawili.

Usiku, saa nane, friji ikanyamaza.
Bugumba akashtuka: imekufa?
Imepumzika, nikamwambia. Lala.
Akalala.
Mimi nikabaki macho, nahesabu dakika
mpaka ilipowaka tena.
Kumi na mbili.